Mahali pa Kuweka Mizani

Bwenini, Mazimbu
Jumapili, 9 Februari 2025

Mjomba Yakobo,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kitanda changu, kile cha juu, kwa sababu cha chini amelala Yasmin na Jumapili hataki kusumbuliwa. Mimi ni mzima. Kile kikohozi nilichoondoka nacho nyumbani kiliisha wiki ya kwanza tu, nilipofika huku kwenye joto. Mwambie Bibi Angelina sweta yake bado iko sandukuni, huku chini hata asubuhi huwezi kuivaa. Naomba habari za mbuzi aliyekuwa na mimba, na za paa la kanisa kama limekwisha.

Najua utashangaa kupata barua kabla sijaishiwa sabuni. Mwalimu wetu wa Uraia, Madamu Scholastika, ametupa kazi ya mwaka mzima. Kila mmoja achague jambo moja ambalo serikali imelitangaza kuwa sera, kisha alifuatilie kule kwao aone linawafikiaje watu. Hataki tunakili vitabu. Anasema sera ikiwa kwenye karatasi inafanana kila mahali, ila ikifika kijijini inavaa nguo za pale. Wenzangu wamechukua maji na umeme. Mimi nimechukua kuimarisha ushirika wa wakulima vijijini, kwa sababu Janeth aliposhuka na mboga zake za sokoni alipita hapa getini akaniambia kwamba afisa ushirika amefika Lusangasi, na watu wanataka kuanzisha chama cha kuuza njegere na kabichi kwa pamoja.

Naomba basi unijibu. Watu walipoambiwa waungane, nani alisema ndiyo wa kwanza, na kwa nini yeye? Je, kwetu kuliwahi kuwa na ushirika zamani, na uliishia wapi? Na hicho chama kipya kitakaa wapi?

Barua mpe Janeth, atamwachia matroni. Simu haturuhusiwi, unajua sheria za shule.

Nawaombea mvua ya kiasi.

Mpwa wako,
Upendo


Lusangasi
2 Machi 2025

Mpwa wangu Upendo,

Marahaba, na milele amina. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti kwa ajili ya Bibi Angelina. Anasema sweta haikufumwa ili ikae sandukuni, uivae hivyohivyo. Mbuzi amezaa mapacha. Paa la kanisa limekwisha upande wa wanaume. Upande wa wanawake mabati yalipungua, kwa hiyo mvua ikianza katikati ya misa wote tunahamia upande mmoja na padri anahubiria mabenchi.

Huyo afisa ushirika ni binti anaitwa Hidaya. Alipanda kwa bodaboda mpaka mahali pikipiki iliposhindwa na matope, akamalizia kwa miguu, na alipofika hakuomba kiti, aliomba maji. Watu walimpenda kwa hilo. Akaeleza kwamba serikali inataka ushirika uwe mali ya wakulima wenyewe, waingie kwa hiari, usiwe kitu cha kuteremshiwa kutoka juu. Severini, unamjua alivyo, akamuuliza kama ni hiari mbona yeye ametumwa. Tulicheka, na Hidaya naye akacheka, akasema ametumwa kueleza, kukubali ni juu yetu.

Wa kwanza kusema ndiyo ni huyohuyo Janeth wako. Alisema amechoka na lumbesa. Waeleze wenzako wa mjini: mnunuzi anajaza gunia la njegere mpaka mdomoni, kisha anashonea wavu juu yake na kuongeza kilemba kikubwa kama nusu ya gunia jingine, halafu anakuambia hilo ni gunia moja. Hidaya akasema chama kikiwa na mizani yake na mahali pa kukusanyia mazao, gunia litakuwa kilo na kilemba kitakuwa historia. Hata Nasibu dalali, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, alisema vilemba vimemharibu mgongo. Severini amechaguliwa mwenyekiti wa muda.

Kilichobaki ni mahali. Mpaka mwisho wa Agosti tuwe tumeonyesha kiwanja ambacho lori linaweza kufika na kugeuka. Tukishindwa tutaunganishwa na chama cha wenzetu wa chini, upande wa Mlali, na njegere zitakuwa zinashuka mlima mzima vichwani kwa akina mama ndipo zipimwe. Na huku kwetu, kama unavyojua, ukiweka kikombe chini kinabingirika.

Viatu vya shule bado vinakutosha? Niandikie namba ya mguu wako.

Mjomba wako,
Yakobo


Mazimbu
23 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Habari za mapacha zimefurahisha bweni zima. Wametaka wapewe majina, nami nimewaambia kwetu mbuzi hapewi jina la mtu, atakuja kuliwa. Namba ya mguu ni thelathini na tisa. Vya zamani bado ninavivaa, vidole tu vimeanza kulalamika.

Barua yako niliisoma darasani. Madamu Scholastika aliipenda, akasema niendelee kuuliza. Lakini Yasmin alinitania. Kwao ni Turiani, hukohuko aliko baba yangu, na baba yake analima miwa na ni mwanachama wa ushirika wa wakulima wa miwa. Akasema ushirika wao una ofisi yenye feni, wetu una nini? Nikamjibu wetu una mteremko. Baadaye nilimuuliza kama baba yake anaridhika. Akasema baba yake hugombana na viongozi kila mkutano na hajawahi kufikiria kutoka. Nikauliza kwa nini hatoki. Akasema, "Akitoka atagombana na nani?" Nimeliandika hilo kwenye kazi yangu, ingawa sijui nitaliweka sura ya ngapi.

Mjomba, swali langu la ushirika wa zamani hukulijibu. Na lingine ni hili. Umesema kikombe kinabingirika, lakini kuna mahali hakibingiriki. Pale tambarare, kando ya barabara, palipokuwa na nyumba ya mama kabla haijaanguka. Tulikuwa tunacheza rede pale na mpira haukutukimbia hata siku moja. Lori lililoleta saruji ya kanisa liligeuzia palepale, nililiona kwa macho yangu. Pale si petu? Kama ni petu, kwa nini mizani isikae pale?

Nangoja jibu kwa hamu.

Upendo


Lusangasi
27 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Pasaka imepita bila wewe, barabara ilikatika na tulijua huwezi kupanda. Bibi Angelina alikuwekea mguu wa kuku siku mbili, ya tatu akaula mwenyewe kwa huzuni. Viatu hivyo hapo, Janeth amevichagua. Mwandiko wangu usikutishe. Nina kazi ndogo ya jembe nyuma ya nyumba, na bega limenikasirikia.

Ushirika wa zamani ulikuwapo. Mimi nilikuwa mdogo sana, lakini ghala nalikumbuka, lilikuwa karibu na kanisa. Wazee walibeba mawe yake wenyewe kutoka mtoni, na mwenye kiwanja alikitoa kabisa, bila masharti, kwa furaha. Mwaka sabini na sita serikali ikavivunja vyama vya ushirika nchi nzima. Ghala likawa ofisi. Ofisi ikahama, likawa kilabu cha pombe. Leo umebaki ukuta mmoja wenye kivuli kizuri. Ukiuliza ukuta ni wa nani, kila mtu anautazama kana kwamba ameuona leo. Ndiyo maana Hidaya anaposema safari hii ni yenu wenyewe, wazee wanaitikia kwa kichwa lakini mikono wameikunja.

Ila vijana wana moyo. Wiki iliyopita waliazima mizani wakaipachika kwenye tawi ili wapime lumbesa moja ya Nasibu. Tawi likavunjika. Severini akatangaza kwamba hayo ndiyo matokeo ya utafiti.

Kuhusu pale tambarare, mvua bado ni nyingi na nyasi zimerefuka. Soma kwa bidii.

Yakobo


Mazimbu
18 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Viatu vimenikaa vizuri, nakushukuru sana, na Janeth pia. Nimekuwa wa tatu kwenye mtihani wa Uraia na wa kumi na nane kwenye Hisabati. Naanza na Uraia ili ufurahi kwanza.

Sasa naomba unisikilize, na kama nitakosa adabu unisamehe kabla.

Janeth alikuja Jumanne. Alikuwa hataki kuniambia, nikamng'ang'ania. Anasema kamati imekuja kwako mara nyingi kuomba pale tambarare, na kila mara unawakaribisha chai, unawauliza habari za watoto wao, na wanaondoka bila jibu. Husemi ndiyo wala hapana. Anasema watu sasa wanakuita Mzee Geti, eti umewafungia njia. Wengine wanasema unangoja wakupandishie bei. Wengine wanasema umeshirikiana na madalali. Na anasema kila siku unachimba ule mlima nyuma ya nyumba, hakuna anayejua unatafuta nini, na watoto wanakuja kutazama.

Mjomba, nimefundishwa na wewe kwamba mtu akiulizwa jambo la haki anajibu. Kila ninapoandika juu ya ushirika nafika mahali nahitaji kueleza kwa nini chama chetu hakiendi mbele, na ninayemwona mbele yangu ni wewe. Sijui niandike nini. Je, unaogopa yatokee yale ya ghala? Kama ndiyo hivyo, nieleze, nitaelewa. Kama kuna jambo jingine nieleze pia. Nimefikisha miaka kumi na sita.

Likizo ya Juni nitakuja nyumbani, tuongee uso kwa uso.

Upendo


Lusangasi
1 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa Uraia, na pole kwa Hisabati.

Likizo usipande huku. Nenda kwa baba yako Turiani. Nimeshampigia simu Thobias, atakupokea stendi. Anasema miwa imekubali na ana nafasi ya kukaa na wewe. Nauli iko kwenye bahasha.

Hujakosa adabu.

Yakobo


Mazimbu
20 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Nimerudi kutoka Turiani salama. Baba ni mzima, anakusalimu, amenunua redio na anaisikiliza akiwa nje ili majirani wajue. Nilimuuliza kwa nini sikuruhusiwa kwenda nyumbani. Akasema mambo ya kwetu mlimani ni ya kwa mama yangu, yeye alikuja kama mkwe akaondoka kama mkwe, hawezi kuyaingilia. Alisema kwa upole, lakini hakusema zaidi. Siku nyingi nilikaa nikifikiri nimekukasirisha.

Leo ilikuwa siku ya wageni. Sikuwa namtarajia mtu. Matroni akaniita, nikakuta chini ya paa la getini wamekaa Severini na wanakamati wawili, na mkungu wa ndizi. Severini akasimama, akavua kofia, akasema, "Mwenye kiwanja, hujambo?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania kama anavyotania watu wote. Yeye hakucheka. Akasema kwenye mkutano wa juzi Hidaya alikuuliza mbele ya watu, mara hii kwa jina lako, ukanyamaza, na Bibi Angelina akashindwa kuvumilia. Akasimama akasema waache kumsumbua Yakobo, kiwanja si chake, ni cha Upendo. Halafu akaketi na kuanza kulia.

Severini akaniambia hivi: "Pale ni pako, mwanangu, tangu mama yako. Kwa mjomba wako tumebisha mpaka mikono inatuuma. Ndiyo tumekuja kwa mwenyewe."

Hakuwa mkali. Alisema ana njegere shambani na mke mwenye goti bovu, na hataki ashushe mzigo mpaka chini. Niliwaambia nitamuuliza mjomba. Akasema, "Muulize wewe. Sisi tukimuuliza, hajibu."

Basi nakuuliza. Ni kweli?

Upendo


Lusangasi
27 Julai 2025

Mpwa wangu Upendo,

Marahaba. Bibi Angelina hajambo, ila tangu siku ile ya mkutano ananipikia vizuri kupita kiasi na hanitazami usoni. Mapacha wameachishwa kunyonya.

Ni kweli.

Kwetu Waluguru, ardhi ya ukoo inapita kwa wanawake. Kutoka kwa bibi yako Angelina ilikuja kwa mama yako Magreth, na kwa kuwa yeye hakuacha binti mwingine, imekuja kwako. Mimi kaka yake ni mwangalizi tu. Nalima pangu, nalinda pako. Hakuna mtu mzima wa Lusangasi asiyejua utaratibu huo, lakini nyumba ilipoanguka na mimi nikawa ndiye ninayefyeka pale, watu wakazoea kusema pale kwa Yakobo. Nikawaacha waseme.

Ulitaka kujua kwa nini sikujibu. Mama yako alipokuwa amelazwa, siku za mwisho, alinishika mkono akaniambia, "Asijue mpaka amalize shule. Mimi nilijua mapema kwamba nina mahali pa kurudi, nikarudi." Hukumjua mama yako akiwa msichana. Alikuwa kidato cha pili, anasoma kuliko sisi sote. Siku masomo yalipomwelemea alikumbuka ana ardhi yake, akafunga sanduku akapanda mlima. Hakuwahi kulalamika. Lakini hilo ndilo alilolisema, na mimi nilimwitikia.

Sasa fikiria nilivyokuwa mbele ya kamati. Ningesema hapana, ningekuwa nimekataa kwa mdomo wako. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimetoa kisicho changu. Ningesema si changu, swali la pili lingekuwa ni cha nani, na kesho yake wangekuwa getini kwenu. Walifika hata hivyo. Ndiyo maana nilikupeleka Turiani. Hukunikasirisha hata kidogo.

Nyuma ya nyumba nilikuwa najaribu kutengeneza tambarare nyingine kwa jembe, ili mizani ipate mahali na wewe usiguswe. Hidaya alikuja kuitazama. Alizunguka mara moja, akasema kwa adabu sana kwamba lori halitafika, na mvua ya kwanza itaishusha yote jikoni kwa Bibi Angelina. Nimeacha.

Mwisho wa Agosti uko palepale. Usiniulize mimi ningefanya nini. Mimi ni mwanachama, nina njegere, na naitaka ile mizani kuliko Severini. Mtu wa namna hiyo hafai kukushauri. Ukisema hapana, nitaendelea kuwa Mzee Geti. Nimeshazoea, hata wachuuzi wananijua kwa jina hilo.

Chochote utakachosema, nitakisoma mbele ya watu kama kilivyo.

Yakobo


Mazimbu
17 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako niliisoma nikakaa nayo, nikaogopa, nikaisoma tena. Naomba unisamehe kwa niliyokuandikia Mei. Najua umeandika kwamba sikukosa adabu, lakini naomba hata hivyo.

Nilimwendea Madamu Scholastika ili aniambie la kufanya. Hakuniambia. Aliniuliza tu, "Chama kikifa, kiwanja kinarudi kwa nani?" Nikasema sijui. Akasema basi nisijibu mpaka nijue.

Nikafikiria ghala la mawe. Yule mzee aliyetoa kiwanja alikitoa siku moja, na baada ya siku hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumrudia. Nafikiri ndiyo maana leo hakuna anayejua ukuta ni wa nani. Kisha nikakumbuka jinsi Bibi Angelina anavyoazimisha lile shamba lake la bondeni. Kila msimu anayelima anakuja na debe la kwanza la mavuno, anakaa, anasema nimekuja tena. Wakati mwingine debe halijai, na Bibi hajali. Anachotaka yeye ni mtu aje. Asipokuja, shamba limerudi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, nalo naomba ulisome kama lilivyo. Pale tambarare sitoi. Naazima. Chama kijenge, kiweke mizani, lori ligeuke. Kila mwaka njegere za kwanza zikipimwa, chama kije na debe moja kiombe tena, mbele ya watu. Mwaka ambao hawatakuja, au chama kitakapokufa, ardhi inarudi. Dada Hidaya aone kama sheria inaruhusu kuandika hivyo kwenye mkataba, kwa sababu nataka iwe sheria pia, isiwe desturi peke yake.

Kuhusu neno la mama. Sasa najua, na sijarudi. Kesho asubuhi tuna jaribio la Hisabati na nitalifanya. Usijione umevunja ahadi, haikuvunjwa na wewe.

Nina swali moja lisilo la kazi ya shule. Mama aliporudi, alipanda nini pale?

Upendo


Lusangasi
31 Agosti 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkutano ulifanyika Jumapili iliyopita baada ya misa. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, na niliposhindwa mahali fulani Janeth alinipokea akamalizia.

Palikuwa na kelele. Severini aliuliza kama mwenyekiti wa ushirika uliosajiliwa na serikali atampigia magoti mtoto wa kidato cha tatu kila mwaka. Bibi Angelina akamwambia, "Magoti baki nayo. Lete debe." Mzee mmoja wa upande wa kanisa alisema kama wangefanya hivyo kwa ghala, leo tungekuwa na ghala. Baada ya hapo kelele zikapungua.

Hidaya alisema hajawahi kuona kipengele cha namna hiyo, lakini hakuna kinachokikataza. Mkataba utapita serikali ya kijiji, mimi nitasaini kama mlezi, na ukifika miaka kumi na minane utasaini mwenyewe. Wakapiga kura. Mikono iliyokunjwa ilifunguka, mingi, si yote. Kiwanja kimeonyeshwa zikiwa zimebaki siku chache.

Wakanitaka nipokee mimi hilo debe kwa niaba yako. Nimekataa. Mimi ni mwanachama, siwezi kujiletea. Wakauliza basi wampelekee nani. Nikawaambia njia ya kwenda Mazimbu wanaijua, walishafika.

Mama yako alipanda karoti. Ardhi ya pale imekandamizwa na magari tangu zamani, karoti zikatoka zimepinda kama vidole vya Severini, hakuna aliyezinunua. Alizila mwenyewe mwezi mzima na kusema ni tamu.

Yakobo


Mazimbu
16 Novemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, Yasmin ni mzima na anakusalimu kama mtu anayekufahamu. Hisabati nimekuwa wa kumi na moja. Mwambie Bibi Angelina juzi ilinyesha na nilivaa sweta, nusu saa.

Jana walikuja. Nilisikia honi nikiwa nafua. Lilikuwa lori lililobeba mzigo wa kwanza kwenda mjini, limesimama barabarani mbele ya geti, na juu ya magunia amekaa Janeth. Hakuna gunia hata moja lililokuwa na kilemba. Matroni alikataza lori kuingia, kwa hiyo Severini alishuka akabeba debe la njegere mwenyewe hadi getini, akaliweka chini na kuvua kofia. Wenzangu walikuwa wamejaa madirishani.

Alisema, "Sisi wa chama cha Lusangasi tumekuja kuomba pale tambarare kwa mwaka huu." Alikuwa amejizoeza, nilimwona midomo ikitangulia maneno. Kisha akanitazama, na nikagundua kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameniambia mimi natakiwa kujibu nini. Mikono yangu ilikuwa na povu la sabuni. Nikasema, "Kwa mwaka huu, kaeni."

Akauliza, "Na mwakani?"

Nikasema, "Mwakani mje muulize."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, bila utani wowote, kama anavyofanya kanisani. Janeth alipiga kigelegele kutoka juu ya magunia na dereva akamwambia ashike kamba.

Njegere nimezipeleka jikoni, tulizila zote na wali. Mimi nilibaki getini mpaka lori lilipokata kona ya kuelekea mjini. Matroni alikuja na kitabu chake cha wageni akaniuliza wale ni ndugu zangu wa upande gani, maana lazima aandike. Nikafikiri. Nikamwambia si ndugu, ni wapangaji wangu.

Alinitazama kidogo, viatu mpaka kichwa. Kisha akainama, akaandika hivyohivyo.

Nitapanda Desemba, nikapaone.

Upendo